Kaseti Moja ya Kubaki Nayo

Tarehe 3 Machi

Binamu yangu Dobi,

Natumaini hujambo na pasi haijakuunguza tena. Huku tu wazima, isipokuwa mimi, na ndiyo sababu ya barua hii. Simu usinipigie. Nikiiweka sikioni nasikia kama mtu anaongea ndani ya gunia, naishia kusema "eeh, eeh" kwa mambo nisiyoyajua. Juzi nilimkubalia fundi bomba avunje ukuta wa jikoni. Wifi yako bado hajanisamehe.

Nimekwenda kwa daktari wa masikio. Alinifungia kwenye kijichumba, akanivika vyombo vya kusikilizia, akasema nibonyeze kitufe kila nikisikia mlio. Mwanzoni nilisikia, ile milio minene minene, nikabonyeza kwa madaha. Halafu nikakaa na kidole juu ya kitufe nikimsubiri aendelee. Alipofungua mlango akasema tumemaliza.

Kwa kifupi, miaka ile yote ya kusimama kwenye msumeno wa kiwandani imekula sehemu, na kuna ugonjwa ndani ya sikio unaomalizia iliyobaki. Dawa hakuna. Kabla mwaka haujaisha nitakuwa kiziwi. Neno hilo ilibidi aliandike kwenye karatasi na kunigeuzia, maana alikuwa ameshalisema mara mbili na mimi nikamjibu "asante sana, daktari".

Nimelia, Binamu. Nilikwenda nyuma ya mbao mbichi kule kiwandani nikalia mpaka vumbi likaganda usoni. Nilipomaliza nikamkumbuka Kigeugeu, mwanamuziki wetu.

Nisikilize vizuri. Nataka kumhifadhi kichwani. Nilianza na albamu zake zote, wiki mbili nikahangaika, zikachanganyikana: naanza na wimbo wa hii namalizia na wa ile, katikati amevaa nguo za albamu nyingine kabisa. Kichwa changu hakina nafasi hiyo. Nimeamua nichukue kaseti moja tu, niijue yote kwa mfuatano, kila ngoma na kila pumzi, ili mlango ukifungwa niwe nayo ndani. Ni moja tu, na nikikosea sina pa kurudi.

Mimi nasema *Moto wa Mabati*. Najua utanuna. Tangu tukiwa watoto sebuleni kwa mjomba, wewe kila akibadilika unamfuata kama mkia, mimi nikabaki na yule wa kwanza mwenye gitaa linalowaka. Ile kaseti yako ya kunong'ona sijawahi kuvuka wimbo wa kwanza, na nilikula kiapo. Ila safari hii niambie kweli. Ungekuwa wewe, ungechukua ipi?

Binamu yako,
Msumeno

*

Tarehe 12 Machi

Msumeno wangu,

Barua yako niliifungua chumba cha pasi, nikaisoma nimesimama, na shati la mwenye duka la dawa limepata alama ya pasi mgongoni yenye umbo kamili. Bosi amepiga kelele. Nikamwambia anikate mshahara aniache nilie.

Kuhusu masikio, nimeandika mistari mitano nikaikata yote. Niruhusu nigombane nawe tu kama kawaida yetu, hilo naliweza.

*Moto wa Mabati* hapana. Ile ni msumeno uliotiwa nyaya za umeme. Umeishi na kelele hizo maisha yako yote, zimekuharibu, na sasa unataka kuzibeba mpaka kaburini? *Viatu vya Harusi*, ile ya matarumbeta, ni tamu, lakini ile ni ya miguu, na utachezaje na mtu ukiwa kichwani mwako peke yako? *Tumbuizo la Mashine* hata mimi niliivumilia tu, kwa sababu ya mapenzi. Na ile aliyovaa kofia ya mkulima akajifanya hajui umeme ni nini, alikuwa anaigiza, na yeye mwenyewe alichoka nayo kabla yetu.

Chukua *Chumba Kisicho na Saa*. Ndiyo, ile ya kunong'ona. Kiapo ulikula ukiwa na hasira za ujana kwamba katusaliti. Hakutusaliti. Alinyamazisha bendi nzima ili tumsikie yeye. Hiyo ndiyo albamu ambayo mtu anaweza kukaa ndani yake miaka mingi bila kuichoka, na wewe unatafuta pa kukaa.

Nakutumia kaseti yangu mwenyewe, maana madukani haipatikani tena. Kilichomo sikuambii. Sheria ya sebuleni haijafutwa: hatusimuliani albamu, kila mtu anaingia mwenyewe. Ukifika wimbo wa tano tu, niandikie.

Nakupenda, mjinga wewe.
Dobi

*

Tarehe 2 Aprili

Dobi,

Umeshinda. Naliandika mapema nisije nikaghairi. Umeshinda, miaka yote ile ulikuwa sahihi na mimi nilikuwa mbishi mwenye sauti kubwa.

Nimetolewa kwenye msumeno, napanga mbao tu, kwa hiyo narudi nyumbani na nguvu. Naiweka redio mezani, naegemeza paji la uso kwenye spika, nafumba macho. Wifi yako anasema nafanana na mtu anayeomba msamaha kwa redio. Najifunza wimbo mmoja mpaka niweze kuupitisha kichwani mzima huku redio imezimwa, ndipo naenda wa pili. Siruki, maana mmoja unaushika mkono mwingine.

Sasa wimbo wa tano. Nilikuwa nimejiandaa kukucheka. Anaimba ule ubeti wa mtu anayefunga nyumba ya marehemu mama yake, anakunja shuka, anageuza kiti ukutani. Halafu maneno yanaisha. Gitaa la besi linatembea chini, taratibu, na juu yake hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa, Dobi! Ubeti mzima mtupu. Mtu aliyepiga kelele kuliko wote duniani ametuachia nafasi na kunyamaza, halafu anarudi na mstari mmoja wa mwisho kama vile hakuwahi kuondoka.

Nimelia pale, lakini si kama nilivyolia kiwandani. Nilifikiri: kumbe kimya kinaweza kuwa sehemu ya wimbo. Kumbe ninakokwenda amewahi kufika mtu, akakaa, akatoka na kitu kizuri. Tangu siku ya daktari sijalala vizuri kama nilivyolala baada ya kuusikia ule ubeti mtupu. Hofu yangu kubwa imepata kiti.

Ndiyo hiyo hiyo basi. Kaseti zangu nyingine zote nimempa fundi baiskeli wa jirani, pamoja na *Moto wa Mabati*, nisije nikashawishika. Muda niliobakiwa nao nauweka wote humu.

Msumeno, mfuasi wako mpya

*

Tarehe 9 Aprili

Binamu,

Nimefurahi mno umeipenda. Ndiyo, ile nafasi ya wimbo wa tano ni kubwa. Kila mtu huisikia kwa namna yake.

Kaseti ulizompa fundi baiskeli usingezigawa zote kwa mkupuo. Mwombe hata ile *Moto wa Mabati* akurudishie, ikae kwa akiba. Huwezi kujua.

Kazini nguo ni nyingi. Nitaandika zaidi.

Dobi

*

Tarehe 9 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Hii ni yako peke yako, na samahani kukuingiza katika mambo ya kaseti ambayo najua yamekuchosha tangu ulipoolewa.

Nakuomba siku akiwa kazini uweke ile kaseti niliyomtumia, usikilize wimbo wa tano, baada ya maneno kwisha. Binamu ananiandikia kwamba pale pana kimya. Wifi, pale hapana kimya. Pale Kigeugeu anapiga mluzi. Ubeti mzima anapiga mluzi peke yake juu ya besi, mwembamba, polepole, kama mtu aliye chumba cha pili asiyejua anasikilizwa. Ni kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya. Ndiyo sababu nilimpa albamu ile.

Yeye hausikii. Sauti nyembamba zimeshaondoka masikioni mwake na hajui.

Nimekaa na barua yake siku nzima. Nikimwambia, namnyang'anya kitu pekee kilichompa usingizi. Nisipomwambia, anahifadhi wimbo ambao haupo. Nimeshindwa, nimemjibu uongo wa kuzungukazunguka. Naomba na wewe usimwambie kwa sasa.

Wifi yako

*

Tarehe 20 Aprili

Wifi,

Nimesikiliza. Unanijua, kwangu mimi nyimbo za huyo mtu wenu zote ni sahani zinazoanguka. Ila ule mluzi nimeupenda. Niliurudia mara kadhaa, mpaka nikaacha maharage yakaungua.

Mimi nisingemficha. Bado anasikia sauti nene. Nikigonga meza anageuka, mlango ukipigwa anajua. Ile kaseti yake ya zamani ya makelele anaweza kuipata yote kama ilivyo, akianza sasa. Baada ya miezi miwili sidhani. Huyu ni mtu mzima, wifi. Mbao ikiwa na ufa huwa anataka kuambiwa.

Lakini pia nimemwona anavyotabasamu akiegemea redio. Nilikuwa nimesahau meno yake. Kwa hiyo mdomo nao unakuwa mzito.

Wewe ndiye mjuzi wa mambo haya, na ni wewe anayekuamini. Ukisema tunyamaze nitanyamaza. Ila niandikie haraka kama umebadili mawazo, kwa sababu fundi baiskeli ameanza kuuza zile kaseti.

Wifi yako

*

Tarehe 30 Juni

Dobi,

Mlango umefungwa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Niliamka nikaweka kaseti, nikaegemeza kichwa, nikahisi spika inatetemeka kwenye paji la uso lakini sauti haikuja. Nikamwita wifi yako aongeze. Akaongeza mpaka majirani wakatoka nje. Nilimwona anafunika masikio yake kwa mikono, ndipo nikajua.

Kiwandani wamenipumzisha. Mtu asiyesikia "kaa kando!" hawezi kuzunguka kwenye magogo. Sasa tuna ubao mdogo na chaki. Wifi yako anaandika "chai", anaandika "mvua", anaandika "mgeni". Maneno yake yamekuwa machache. Simlaumu, chaki inachosha mkono. Namwona anacheka na jirani dirishani, nikitokea anakunja uso wa heshima kama mtu aliye hospitali.

Sitakudanganya, hali ni mbaya. Sikujua kwamba sauti ndizo zinazomwambia mtu yuko nyumbani kwake. Nakaa kitini naona vitu vinatokea tu, mlango uko wazi, mtu yuko mbele yangu, kikombe kimevunjika.

Lakini kaseti ninayo. Imeingia yote kabla ya kufungwa, nyimbo tisa kwa mfuatano. Naiwasha kichwani kila siku baada ya chakula cha mchana. Nikifika wimbo wa tano, kwenye ule ubeti mtupu, naingia nakaa. Pale peke yake ndipo mimi na wasikiaji wote tunalingana. Hata wewe pale husikii kitu. Bila pale ningeshajitupa.

Asante, Binamu.

Msumeno

*

Tarehe 11 Julai

Msumeno wangu,

Nimeisoma barua yako nimekaa sakafuni. Kaa pale. Kaa pale kila siku. Na mimi nikiiweka hapa kwangu nafika kwenye kimya kile kile na najua uko hapo.

Dobi

*

Tarehe 25 Agosti

Dobi,

Jana wifi yako alikuwa kwenye beseni la vyombo, amenipa ubavu. Mimi nilikuwa mezani sifanyi lolote. Nikaona midomo yake ameikunja kwa mbele, mashavu yamebonyea, kichwa kinayumba kidogo. Nikafurahi. Tangu masikio yangu yafungwe sijamwona na furaha humu ndani. Nikaenda nikamgusa bega nikamuuliza: unapiga mluzi wimbo gani?

Hakufikiri. Alikausha mkono, akachukua chaki, akaandika: *ule wa wimbo wa tano*. Kisha nikaona uso wake unabadilika, akaanza kufuta kwa kiganja. Nilikuwa nimeshasoma.

Nikamwambia wimbo wa tano hauna mluzi. Akakaa chini kwenye kibao cha kufulia, akajifunika uso kwa khanga.

Ameniandikia yote. Ubao ulijaa mara nne.

Kwa hiyo ulijua tangu Aprili. Aprili nilikuwa nasikia besi na ngoma zote! *Moto wa Mabati* haina hata sauti moja nyembamba, imejengwa kwa vitu vinene tangu mwanzo hadi mwisho. Ningeipata nzima, kama ilivyo, na leo ningekuwa na kitu cha kweli. Badala yake mmekaa wawili mmenitazama nikijaza kichwa changu kwa kitu kilichotobolewa. Nikakuandikia kwamba pale tunalingana. Ukanijibu kwamba na wewe unafika kwenye kimya kile kile. Kimya kipi, Dobi? Ulikuwa unasikiliza mluzi huku unaniandikia.

Na sasa sijui matundu mengine yako wapi. Nimeipitia yote kichwani usiku kucha nikipapasa. Wimbo wa pili una nini ambacho sikukisikia? Wa saba? Nijibu, na safari hii usinihurumie.

Msumeno

*

Tarehe 3 Septemba

Binamu,

Umeuliza, nakujibu. Wimbo wa pili una kengele ndogo, zinalia mwanzo hadi mwisho. Wa saba una sauti ya mwanamke, juu sana, katika mistari ya mwisho, anamwitikia. Nyingine ziko sawa, nadhani. Nimezisikiliza tena zote leo na karatasi mkononi.

Nimejidanganya kwamba nilinyamaza kwa huruma. Huruma ilikuwepo. Lakini ulipoandika "umeshinda", niliusoma mstari ule mara mbili kabla sijafikiria masikio yako. Tangu sebuleni kwa mjomba nilikuwa nausubiri. Nilipoelewa kwamba umekubali kwa sababu hukusikia, sikutaka kuurudisha. Wifi alinionya. Yeye hapendi hata muziki, na alikuona vizuri kuliko mimi. Barua yake sikuijibu.

Nimejaribu kukuandikia ule mluzi. Unaanza chini, karibu na pumzi tupu. Unapanda hatua tatu, unasita, kama mtu aliyekumbuka ameacha kitu. Unarudi hatua moja. Kisha unapanda tena na hapo juu kabisa unatetemeka kidogo, nadhani midomo ilimkauka, na hakurudia kurekodi, akaacha hivyo hivyo. Halafu unashuka wote bila haraka. Nimeandika mara nyingi na kila mara nikisoma naona hakuna mluzi hapa, ni maneno.

Kama nauli itapatikana nije nikae miguuni pako. Ukikataa nitaelewa.

Dobi

*

Tarehe 19 Septemba

Dobi,

Usije kwanza. Hasira imekwisha, nimechoka tu, na mgeni anahitaji kutazamwa mdomo siku nzima.

Nimeusoma mluzi wako mpaka karatasi imelegea. Unapanda, unasita, unarudi, unashuka. Naelewa kila neno. Nilijaribu kuupiga mwenyewe kwa kufuata maelezo yako, nikahisi pumzi inapita kwenye meno, nikamtazama wifi yako usoni nione kama ndiyo wenyewe. Alitikisa kichwa kwamba ndiyo. Alikuwa analia, kwa hiyo sikumwamini.

Kaseti bado inajiwasha kichwani baada ya chakula. Wimbo wa kwanza safi. Wa pili nasikia vizuri, ila najua kuna kengele zinalia mahali nisipokuwepo. Nikikaribia wa tano ndipo nasita. Zamani nilikuwa naingia pale nakaa. Sasa najua mle ndani kuna mtu anapiga mluzi muda wote, na mimi nimekaa naye chumba kimoja simsikii. Nimejaribu kuuruka, niende moja kwa moja wa sita. Kichwa kinakataa, kwa sababu nilijifunza kwa mfuatano na mmoja unaushika mkono mwingine. Kwa hiyo nikawa nazima baada ya wa nne. Kisha baada ya wa tatu. Wiki hii sijawasha kabisa.

Sikulaumu tena. Kama ungeniambia Aprili labda ningekuchukia Aprili. Lakini usiniandikie tena habari za Kigeugeu. Wanasema ametoa albamu mpya na amebadilika tena. Fundi baiskeli alinionyesha picha yake, amenyoa kipara. Niliitazama nikamrudishia.

Nina ombi moja. Wifi yako ameacha kupiga mluzi. Anaosha vyombo midomo ameibana, na akijisahau ikaanza kujikunja, ananitupia jicho na kuibana tena. Nimemwambia apige, mimi hainiumizi. Anaandika ubaoni kwamba hajisikii. Mwandikie wewe. Mwambie apige hata mimi nikiwa nimekaa pale pale namtazama.

Binamu yako,
Msumeno